Kura za Watu wa Shamba Kisiwani Pemba

Katika uchaguzi wa Januari 1961, jimbo la Chake Chake kisiwani Pemba lilichukuliwa na Afro-Shirazi Party kwa kura moja tu. Viti vilikuwa 22. ASP ikapata 10, Hizbu (ndiyo Zanzibar Nationalist Party) ikapata 9, na Zanzibar and Pemba People's Party ikapata 3. Wajumbe wawili wa ZPPP wakaelekea Hizbu, wa tatu akaelekea ASP. Hesabu ikasimama kumi na moja kwa kumi na moja, na serikali isiweze kuundwa. Lau mkulima mmoja wa Chake Chake angalighairi njiani, nchi isingalirudi kupiga kura mwezi wa Juni, na pengine wale watu 68 waliouawa katika fujo za uchaguzi ule wangalikufa kwa siku zao. Tena fujo zile zilikuwa Unguja. Pemba, palipozaliwa fundo lenyewe, kulikuwa shwari.

Waandishi wengi wamezoea kueleza kura za Zanzibar kwa kabila: Mwarabu huku, Mwafrika kule, Mshirazi katikati akivutwa na pande zote mbili. Maelezo hayo yana sehemu ya kweli, lakini hayatoshi kueleza Pemba, kwa kuwa huko Washirazi wenyewe waligawanyika, mara nyingine ndani ya mji mmoja na ukoo mmoja.

Hapana budi kuitazama ardhi. Tufani ya 1872 iliing'oa mikarafuu ya Unguja lakini haikuidhuru sana ya Pemba, na tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za dunia ikatoka Pemba. Huko Unguja mashamba mazuri ya magharibi yaliangukia mikononi mwa matajiri, wenyeji wakabaki katika nchi ya maweni ya mashariki na kusini. Pemba haikuwa hivyo. Mpemba wa kawaida alikuwa na mikarafuu yake, michache au mingi, na jirani yake Mwarabu aghalabu hakumzidi sana. Walioana, walisali msikiti mmoja, na msimu wa kuchuma ulipofika wote wawili walitafuta wachumaji kutoka Unguja. Basi neno la kwamba Mwarabu ni mnyang'anyi wa ardhi, lililowachoma watu wa Unguja kwa sababu waliliona kwa macho yao, Pemba lilisikika kama habari ya nchi nyingine.

Hii ndiyo sababu katika uchaguzi wa 1957 viti viwili vya Pemba vilikwenda kwa Ali Sharif na Mohamed Shamte, watu wa Jumuiya ya Washirazi, waliosimama kwa jina la Upemba wao kuliko kwa chama cha mjini. Waliingia ASP, wakatoka 1959 na kuanzisha ZPPP. Wengine wamewaita wasaliti. Mimi naona waliwafuata waliowachagua: mwenye mikarafuu hamsini hakuwa tayari kuongozwa na kibarua wa Ng'ambo, wala hakupenda kumezwa na Hizbu.

Lakini ardhi nayo si yote. Zama za siasa, kama wazee wanavyoiita miaka ile, ziliingia mpaka jikoni. Wenye mashamba waliwafukuza wakaazi waliokuwa wakilima muhogo chini ya mikarafuu; watu wa ASP nao wakaacha kununua katika maduka ya Waarabu, wakafungua maduka yao ya ushirika. Ilifika watu kutozikana. Mtu wa mjini aweza kuchagua chama kwa hotuba aliyoisikia. Mtu wa shamba alichagua akijua nani atachukua jeneza lake. Ndiyo maana kura moja ya Chake Chake si ajabu kama inavyodhaniwa: kijiji kilichokatika katikati hutoa hesabu zilizokatika katikati.

Mwaka 1963 ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote lakini viti 13 tu katika 31, kwa sababu kura zake zilirundikana katika majimbo machache. Hizbu na ZPPP wakaunda serikali, Shamte akiwa Waziri Mkuu. Mapinduzi ya Januari 1964 yakaiondoa.

Uchaguzi wa vyama vingi uliporudi 1995, viti vyote 21 vya Pemba vilichukuliwa na Civic United Front. Mara pakasemwa kwamba Wapemba wamerudi kwa Hizbu yao. Hoja hii inapendwa na watu wa pande zote mbili, nami siikubali. Hizbu na ZPPP hawakupata kuikomba Pemba namna hiyo. Wale waliompa mgombea wa ASP ushindi wa Chake Chake walikuwa Wapemba, na wajukuu wao walikuwamo katika foleni za 1995. Wao hawakurithi chama. Kilichowageuza kimo katika miaka ya katikati: bakora walizochapwa watu hadharani baada ya 1964, njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, na bei ya karafuu ambayo serikali, mnunuzi wa pekee, ilimlipa mkulima sehemu ndogo tu ya aliyoipata ng'ambo. Mikarafuu ileile iliyomfanya Mpemba wa 1957 asiwe na ugomvi na jirani yake, ikamfanya mwanawe awe na ugomvi na mizani ya serikali.