Yatima wa Karatasi

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili cha mahakamani tunasema kuasili mtoto. Nyumbani hakuna anayesema hivyo. Nyumbani watu husema kulea: mtoto wa dada kaletwa mjini asome, anakaa kwa mjomba miaka saba, anaitwa mtoto wa nyumba ile, na bado kila mtu anajua mama yake yuko wapi na likizo atalala kwa nani. Kulea hakukati kamba. Kuasili kunaikata. Jina linabadilika, urithi unahama, na yule mama wa kwanza mbele ya sheria anakuwa mtu baki. Nimekuwa nikisoma historia ya watu wanaoasili watoto wa nchi nyingine, na kila nilipochimba niliikuta karatasi moja tu, ile inayosema kwamba mtoto huyu hana mtu.

Uliza leo Mmarekani anatakiwa awe na nini ili aasili mtoto wa ng'ambo, utapewa orodha ndefu. Awe raia. Kama hana mke au mume, awe ametimiza miaka 25. Atoe alama za vidole. Ofisa wa ustawi wa jamii aje nyumbani akague vyumba, kipato, afya, ndoa, hata namna yeye mwenyewe alivyolelewa. Kisha idara ya uhamiaji, mahakama ya nchi anakotoka mtoto, ubalozi, viza. Mambo hayo huchukua miezi, pengine miaka. Lakini hebu itazame orodha hiyo vizuri. Karibu kila hatua inamkagua anayechukua. Upande wa anayechukuliwa, kwa muda mrefu mzigo wote ulikalia sharti moja, kwamba awe yatima. Na yatima wa sheria ya uhamiaji ya Marekani si lazima awe yatima wetu wa kijijini. Mzazi pekee aliyebaki, asiye na uwezo wa kumtunza mtoto, akitia sahihi kwamba amemwachia moja kwa moja, basi mtoto ni yatima. Mama yu hai, anakoroga uji, na mwanawe ni yatima!

Wengi wetu tukisikia habari hizi tunamkumbuka Madonna na Malawi. Kweli, ile ya mwaka 2006 ilivuma, na ile ya 2009 pia, pale jaji alipomkatalia mtoto wa pili kwa kuwa hakuwa mkaazi wa nchi, kisha mahakama ya juu ikaugeuza uamuzi. Lakini huo ulikuwa mkia wa mambo. Ukitaka kichwa chake, nenda Korea.

Vita vya Korea vilianza 1950 vikasimama 1953. Viliacha yatima kweli kweli, tena wengi, na viliacha pia watoto waliozaliwa na askari wa Kimarekani, ambao jamii haikuwataka. Mwaka 1955 mkulima mmoja wa Oregon, Harry Holt, na mkewe Bertha, waliamua kuwachukua wanane. Sheria ya wakati huo iliruhusu wawili tu kwa familia. Bunge la Marekani likapitisha sheria maalumu kwa ajili yao, na mwaka uliofuata Holt akaanzisha shirika lake la kuwapatia Wamarekani wengine watoto. Mzee alikuwa mlokole wa kweli, sina shaka na moyo wake. Ninachotilia shaka ni mtambo aliouacha.

Njia iliyotumika miaka ile ilikuwa ya kuasili kwa mwakilishi. Wewe uko zako Marekani, umetuma fomu na nauli. Huko Seoul mtu anasimama badala yako, mtoto anakuwa wako kisheria, anapandishwa ndege. Unamwona kwa mara ya kwanza uwanjani. Mwaka 1961 sheria ya Marekani iliubana mlango huo. Mwaka huohuo serikali ya Korea ilitunga sheria yake ya kurahisisha kuasiliwa kwa yatima. Vita vilikuwa vimeshakwisha miaka minane. Sasa waliopelekwa walizidi kuwa watoto wa maskini, na baadaye zaidi watoto wa wasichana wasioolewa. Nchi ikatajirika, viwanda vikajengwa, na watoto wakaongezeka kwenye ndege. Mwaka wa kilele ulikuwa 1985: watoto 8,837, kwa mwaka mmoja, kutoka nchi iliyokuwa ikijiandaa kwa Michezo ya Olimpiki ya 1988. Utasema ni njaa? Njaa gani hiyo?

Sisi tunaopenda kuandika tuisome vizuri sehemu hii. Korea ilikuwa na daftari la ukoo liitwalo hojuk, ambamo kila mtu aliandikwa chini ya mkuu wa nyumba yake. Ili mtoto apate viza, alitakiwa awe hana ukoo. Basi makarani wakamfungulia daftari lake peke yake. Kichanga cha miezi michache kikaandikwa kuwa mkuu wa kaya, bila baba, bila mama, bila babu, tena kwa asili mpya iliyobuniwa ofisini. Faili baada ya faili zikasimulia kisa kilekile, eti aliokotwa, wazazi hawajulikani. Katika mengi kilikuwa kweli. Katika mengine mama alikuwa anajulikana, anuani yake ikiwa kwenye jalada lingine la shirika hilohilo. Hakuna mwandishi wa riwaya aliyepata wasomaji waaminifu kama makarani wale.

Deann Borshay Liem alipelekwa California mwaka 1966 kwa jina la Cha Jung Hee. Hakuwa Cha Jung Hee. Msichana wa jina hilo alikuwa amechukuliwa na baba yake kutoka kituoni, na kwa kuwa wazazi wa Kimarekani walikwisha kumsubiri, kituo kikampeleka mwingine kwa karatasi zake. Deann alikuwa na mama, ndugu na jina lake mwenyewe, Kang Ok Jin. Alipokuwa mtu mzima akatengeneza filamu mbili kuhusu mkasa huo, ya kwanza mwaka 2000, ya pili 2010. Katika hii ya pili anarudi Korea kumtafuta mwenye jina, anakutana na wanawake kadhaa wote wanaitwa Cha Jung Hee. Yeye ndiye pekee aliyeliishi jina hilo Marekani.

Dunia ilipokuja kushtuka, ikaandika Mkataba wa The Hague wa tarehe 29 Mei 1993. Mkataba huu ulijaribu kuuelekeza ukaguzi upande wa pili. Kwanza itafutwe familia ndani ya nchi ya mtoto. Mzazi akubali kwa hiari, kwa maandishi, bila kulipwa, na ridhaa ya mama itolewe baada ya kuzaa, si kabla. Kenya ilijiunga mwaka 2007. Sheria yake ya Watoto ya 2001 ilikuwa imeshasema mtoto awe na umri wa wiki sita angalau, na shirika lililosajiliwa litamke kwamba yuko huru kuasiliwa. Hata hivyo Novemba 2014 serikali ya Kenya ilisimamisha wageni kuasili, kwa hofu ya biashara ya watoto. Kongo ilikuwa imeshazuia vibali vya kuwatoa watoto nchini tangu Septemba 2013, na familia zilizokwisha kupata hukumu za mahakama zikakwama.

Uganda ndiyo iliyonirudisha kwenye neno kulea. Sheria yake ilimtaka mgeni akae nchini miaka mitatu akimlea mtoto kabla ya kumwasili. Watu wakapita mlango wa nyuma: waliomba Mahakama Kuu iwape ulezi tu, wakaondoka na mtoto, wakamwasili Marekani. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliufunga mlango huo kwa wageni na kupunguza muda wa kukaa uwe mwaka mmoja. Mwaka 2020 Hazina ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda na wakili, kwa madai kwamba wazazi wa vijijini walidanganywa watoto wao wanapelekwa Kampala kusomeshwa. Jamani, nani kwetu asingekubali? Ni lile lile la mtoto wa dada kwenda kwa mjomba. Mzazi alisikia kulea, mahakama ikaandika yatima.

Tangu hapo milango imefungwa mingi. Ethiopia ilipiga marufuku mwaka 2018, China ikaacha 2024. Marekani, iliyopokea karibu watoto 23,000 mwaka 2004, ilipokea chini ya 1,300 mwaka 2023. Wapo wanaolia kwamba watoto wenye shida ya kweli wataozea vituoni. Kilio hicho si cha uongo, hasa kwa watoto wenye ulemavu.

Korea mambo bado. Walioasiliwa zamani ni watu wazima wenye mvi, na tangu 2020 wanaweza kutoa sampuli ya DNA kwenye balozi kadhaa za Korea, ilinganishwe na ya wazazi wanaotafuta watoto. Watu 367 walipeleka malalamiko kwenye Tume ya Ukweli na Maridhiano. Machi 2025 tume ilitamka kwamba serikali ilikosa wajibu wake na mashirika yalighushi nyaraka, na katika malalamiko 98 ya kwanza iliwatambua watu 56 kuwa walivunjiwa haki. Waliobaki, 42, uamuzi wao uliahirishwa. Nyaraka zao, walisema makamishna, hazikutosha.