Kusubiri kwa Aina Mbili

Tabora imezoea kusubiri. Burton na Speke walipofika Kaze Novemba 1857, walikuta kituo ambapo misafara ilipumzika, ikatafuta wapagazi na kupanga mizigo upya kabla ya kushika njia ya Ujiji. Mwaka 1872 Livingstone alikaa Kwihara tangu Machi hadi Agosti, akingoja watu na vifaa kutoka kwa Stanley aliyeteremka pwani. Kungoja huko kulikuwa sehemu ya safari.

Wagonjwa wetu nao walisubiri, ila kwa namna nyingine. Reli ilifika hapa mwaka 1912, lakini katika miaka yangu ya ualimu niliwajua wazazi waliokaa nyumbani na uvimbe tumboni mpaka ukashikana na viungo vingine. Fedha hakuna, Dar es Salaam ni mbali, na mganga yu jirani. Walipofika kwa daktari, kisu kilishindwa.

Ndiyo maana mzee akiambiwa leo, "Meza dawa kwanza, upasuaji baadaye," huona kama amefukuzwa. Sivyo. Iko saratani iitwayo GIST, iotayo katika ukuta wa mfuko wa chakula au wa utumbo. Dawa za zamani za saratani hazikuiweza. Mwaka 1998 wataalamu wa Japani walionyesha kuwa mara nyingi chanzo chake ni hitilafu ya jeni iitwayo KIT, inayoamuru seli kuzaana bila kikomo. Machi 2000, mjini Helsinki, mgonjwa wa kwanza wa GIST alipewa imatinibu, kidonge kinachozima amri hiyo. Uvimbe wake ukanywea.

Uvimbe mkubwa ukipungua, daktari hukata sehemu ndogo zaidi, na hatari ya kuupasua na kumwaga seli zake tumboni hupungua. Kwa kawaida ni miligramu 400 kila siku, kwa miezi 6 hadi 12, huku vipimo vikirudiwa, maana si kila uvimbe husikia dawa hii. Anayeacha vidonge kwa kuwa tumbo limelainika ameivunja safari njiani. Uvimbe huweza kukua tena.

Subira yavuta heri, walisema wahenga. Nami naongeza neno la mwalimu: muulize daktari unasubiri nini, kwa muda gani, na utapimwa lini. Akikujibu, kusubiri huko ni tiba. Pasipo dawa wala tarehe, ni kuchelewa tu, na yafaa ufunge mzigo mapema.