Neno la Wiki: Kuchoma

Mitaani hatusemi video ya harusi imerekodiwa kwenye DVD, tunasema imechomwa. Kitenzi kinastahili. Mwale wa leza huunguza tabaka la rangi lililomo ndani ya diski tupu na kuacha alama ambazo deki itazisoma. Hata maana nyingine ya choma, yaani kudunga, haiko mbali: diski za kiwandani hupigwa chapa ya vishimo vidogo mno.

Kasoro ni kwamba neno hili moja limebebeshwa kazi tatu. Kuhariri ni kukata na kuunganisha picha na sauti. Kuandaa diski ni kugeuza video iwe ya mfumo wa MPEG-2, kuigawa katika sura na kuiwekea menyu. Kuchoma ni hatua ya mwisho tu. Faili la MP4 likichomwa jinsi lilivyo, kompyuta italifungua, lakini deki nyingi za zamani zitalikataa.

Anayetenganisha maneno haya huokoa fedha. Programu za Shotcut na OpenShot huhariri bila malipo. DVDStyler, nayo ya bure, huandaa diski pamoja na menyu yake, kisha huichoma. Zote tatu ni programu huru, maana msimbo wake uko wazi kwa yeyote; DaVinci Resolve, nayo ya kuhariri, ina toleo la bure, ila si huru.

Basi muuzaji akikusifia programu "inayochoma DVD", muulize kwanza: kuandaa je, inaandaa?