Mdhaniwa wa Korona Katika Chumba cha Dharura

Mdhaniwa ni mgonjwa aliyefika hospitalini na dalili za ugonjwa fulani, naye ama hajapimwa ama majibu yake hayajarudi. Nafasi ya neno hili imekaliwa na mshukiwa, lililovuma nchini Kenya tangu tarehe 13 Machi 2020, Wizara ya Afya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona. Taarifa za habari zikajaa “washukiwa wa korona”, na waliokabidhiwa kazi ya kuteua istilahi, popote walipoketi, hawakulipima neno hilo kwa masikio ya Mkenya.

Kwa Mkenya, mshukiwa ni mtu wa polisi: mshukiwa wa wizi wa ng'ombe, mshukiwa wa mauaji, anayesubiri kufikishwa kortini. Watanzania humwita mtu huyo mtuhumiwa, ndiyo maana mshukiwa haliwachomi sana. Mgonjwa wa Matulo, katika kaunti ya Bungoma, anayekimbizwa kwa bodaboda hadi hospitali ya Webuye, kisha akapewa rufaa ya Bungoma au Kitale, hulisikia kwa namna nyingine kabisa. Tena mwaka 2020 hofu ya neno hilo ilikuwa na msingi. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, na mwezi uliofuata baadhi ya waliokamatwa kwa kuivunja walipelekwa karantini. Mahali pa kungojea vipimo pakageuzwa pa kutumikia adhabu. Mwenye homa aliyeogopa kuitwa mshukiwa alikuwa na sababu ya kubaki nyumbani na kikohozi chake, na istilahi inayomfukuza mgonjwa mlangoni imeshindwa kazi yake ya kwanza.

Asili ya maneno yanayoshindana inastahili kutazamwa kwa makini. Shuku limetoka katika Kiarabu shakk, hali ya kutokuwa na yakini, mzizi uliotupa pia shaka. Hapo mwanzo shaka ilikaa kwa anayeshuku. Katika Kiswahili cha leo uzito umehamia kwa anayeshukiwa, na yeye ndiye hubeba lawama. Isitoshe, umbo hilo hilo huzaliwa na kitenzi shuka, kama waumini wanaposema mtu ameshukiwa na Roho. Mhisiwa, linaloonekana katika taarifa za afya za Tanzania, ni la heshima zaidi, lakini hisi, kutoka hiss, ni kazi ya ngozi, pua na moyo. Daktari hauhisi ugonjwa wa mtu mwingine. Hukusanya dalili, akapima uwezekano. Kazi hiyo ina kitenzi chake tayari, nacho ni dhani, kutoka dhann ya Kiarabu: kushika rai ukiwa bado unangoja uthibitisho. Dhana imekwisha kukaa katika vitabu vya sayansi na falsafa, na dhana haimtii mtu hatiani. Wapo wanaolikataa mdhaniwa kwa kuwa ati ni geni. Hoja hiyo ni dhaifu, kwa sababu mwajiriwa na mteuliwa yameundwa kwa njia iyo hiyo na hakuna anayeyalalamikia.

Tena dhana moja hukubali nyingine kando yake, jambo ambalo chumba cha dharura hulihitaji. Katika kaunti ya Bungoma, homa na kupumua kwa shida vinaweza kuwa korona, malaria kali, nimonia au kifua kikuu. Oksimeta, kipima oksijeni ya damu, hubanwa kidoleni, tone la damu likawekwa kwenye kipimo cha haraka cha malaria, na sampuli ya pua na koo ikatumwa maabara. Mwaka 2020 maabara ya Taasisi ya Utafiti wa Kitabibu ya Kenya (KEMRI) ya Alupe, Busia, ilikuwa pia ikipokea sampuli za madereva wa malori waliokwama mpakani Malaba. Majibu yangeweza kuchelewa, lakini oksijeni haikuyangoja. Hata majibu ya kutokuwa na virusi hayakumaliza habari, kwa maana sampuli iliyochukuliwa vibaya au mapema mno huweza kuvikosa. Nchini Uingereza, utafiti wa wadhaniwa zaidi ya 22,000 katika vyumba vya dharura wakati wa wimbi la kwanza ulikuta kwamba kati ya watu wazima takriban thuluthi moja tu ndio waliothibitishwa kuwa na korona. Wengine nao walikuwa wagonjwa.

Shirika la Afya Duniani huweka ngazi tatu za wagonjwa, na wafasiri wetu wamezoea kuzifanya mbili. Baada ya mdhaniwa huja mgonjwa wa yamkini, kwa mfano mwenye dalili aliyekuwa karibu na mgonjwa aliyethibitishwa. Wa tatu ni mthibitishwa, aliyekutwa na virusi maabara. Yamkini hutoka katika yumkin, “inawezekana”, lakini Kiswahili kimelipa nguvu zaidi ya hiyo, nayo yatosha.

Kosa la mwisho ni kuita majibu ya maabara matokeo, kisha kupona, kulazwa na kufa navyo vikaitwa matokeo. Msomaji wa ripoti hawezi kujua kipi kinasemwa. Cha kwanza ni majibu. Cha pili ni hatima, kutoka khatima, mwisho wa jambo. Ukaribu wake na hitima ya marehemu umewatisha wengine bure, kwani mtu aliyepona pia ana hatima.

Kwa matumizi: mdhaniwa wa UVIKO-19 (korona), wadhaniwa wa kipindupindu; katika fomu, “Hali: mdhaniwa”, kisha “Majibu”, kisha “Hatima”.