Upepo Ndio Bamvua ya Ziwa

Mvuvi wa mshipi kutoka Unguja au Lamu akifikishwa Ziwa Ellis, mashariki mwa Mlima Kenya, huenda kitakachomkera zaidi si baridi, bali maji yasiyojaa wala kupwa. Kwao bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 siku za bamvua, na safari zake zote hupangwa kwa mwezi. Maji yakijaa, samaki hupanda mwambani kula. Yakipwa, hurudi vilindini. Hapa ziwa limetulia tu kati ya nyasi na mawe. Aanzie wapi?

Aanzie kwenye swali alilokua nalo: chakula kinaletwa na nini, na kinaishia wapi? Kwenye maziwa ya milimani, mchukuzi ni upepo. Ukivuma tangu asubuhi husukuma maji ya juu, pamoja na wadudu walioangukia humo, hadi ukingo wa upande mmoja, na trauti huwangojea hapohapo. Mgeni aliyekuja kupiga kambi hufanya kinyume. Hutafuta ukingo uliokingwa, ambako hema halipeperuki na mshipi haumrudii usoni. Anavua kwa raha, lakini mezani pameshaondolewa vyombo. Hema na lipigwe penye utulivu, sawa. Ndoano ipelekwe kule viwimbi vinakopiga.

Wavuvi wa Sierra Nevada, California, wameifanya elimu hii kuwa kazi ya macho. Kabla ya kufungua mizigo hupanda jabali lililo juu ya ziwa na kutazama rangi. Karibu na ukingo maji ni kijani hafifu, kisha ghafla yanakuwa buluu nzito. Hapo ndipo sakafu inapoporomoka, na trauti hupita kandokando yake wakienda na kurudi kama walinzi wa zamu. Wanatazama pia kijito kinapoingia, kwa kuwa huleta hewa na wadudu, na panapotokea maji, ambapo ziwa zima hupita kooni. Gogo lililoangukia majini nalo halipuuzwi. Alfajiri na magharibi samaki husogea hadi maji ya magotini, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanajitosa ziwani ili warushe mbali, na kumbe wamewakanyaga samaki waliokuwa miguuni pao. Mtu wa pwani ana sababu ya kuamini kwamba samaki wa maana yuko mbali. Mlimani imani hiyo humlaza na njaa.

Wajapani hata gurudumu la kuzungushia mshipi hawakulihitaji. Katika uvuvi wao uitwao tenkara mshipi hufungwa kwenye ncha ya ufito mrefu, na ndoano huvishwa uzi na manyoya ili ifanane na mdudu. Zamani wavuvi wa milimani walivua samaki waitwao iwana na yamame kwa njia hiyo wakauza kwenye nyumba za wageni, kwa hiyo hawakuwa na saa ya kupoteza. Mvuvi hupanda mto, kwa sababu samaki huelekeza kichwa kule mkondo unakotoka, naye anayemjia kwa nyuma haonekani. Kila jiwe hupewa mitupo michache, kisha mbele. Kwake mahali pazuri hapazidi upana wa sinia. Kwa vijito vya Mlima Kenya na Aberdare ningechagua ufundi huu, hata kama ziwani mbinu ya Sierra ndiyo bora.

Huku kwetu, lakini, elimu hiyo haikuwa na babu wa kuirithisha. Wakikuyu wa jadi hawakula samaki, na trauti wenyewe ni wageni: wa kwanza waliletwa kutoka Scotland na kutiwa katika mto Gura mwaka 1905. Sierra nayo ina historia ya aina hiyo. Karibu maziwa yake yote ya juu hayakuwa na samaki hata mmoja hadi watu walipowapandisha kwa nyumbu, baadaye wakawamwaga kutoka kwenye ndege. Kumbe ukingo anaousoma mvuvi kwa heshima kama kitabu cha kale ulianza kuwa na samaki juzi tu.

Na ulikuwa na mwenyewe. Chura wa milima ile mwenye miguu ya manjano hutaka ziwa lilelile alitakalo trauti, lenye kina kisichoganda hadi chini, maana viluwiluwi wake hukaa majini zaidi ya mwaka. Trauti waliwala. Tangu 2001, hifadhi za Sequoia na Kings Canyon zimekuwa zikiwaondoa samaki kwa nyavu katika baadhi ya maziwa, na vyura wamerudi. Ziwa la namna hiyo lina kila alama: rangi ya kilindi, kijito, gogo, ukingo uliojaa wadudu waliosukumwa na upepo. Mvuvi anaweza kurusha ndoano hapo kutwa nzima. Wadudu wale wanaliwa na vyura.