Chang'aa ilipewa leseni, bangi ikaachiwa pingu

Mwaka 2010 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Vileo, ambayo wananchi waliibatiza Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha aliyeiwasilisha. Wengi wanaikumbuka kwa saa za kufungua baa. Wachache wanakumbuka kwamba sheria hiyohiyo ilifuta marufuku ya chang'aa iliyowekwa mwaka 1980. Walioitetea hawakudai kwamba chang'aa ni kinywaji chema. Walidai kwamba miaka 30 ya misako, hongo na mapipa kumwagwa mtoni haikuwa imempunguza mnywaji hata mmoja, na kwamba kilichofichwa hakiwezi kupimwa, kutozwa kodi wala kuwekewa umri wa mnunuzi. Hoja hizo zilikuwa na nguvu, na ukiziondolea neno chang'aa ukaweka bangi, hakuna hata moja inayopungua uzito. Hata hivyo anayekutwa na msokoto mfukoni bado ni mhalifu, huku jirani yake aliyelewa chakari akihesabiwa kuwa mteja.

Tofauti hiyo haikutokana na daktari wala maabara. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na serikali ya kikoloni ya Kenya ikaendeleza mtindo huo: Mwafrika hakuruhusiwa kununua wiski, na bia ya chupa ilikuwa ya Mzungu hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kiwanda cha Kenya Breweries kilianzishwa mwaka 1922, wakati mwenyeji hana ruhusa ya kuonja kinachotoka humo. Aliruhusiwa kunywa pombe ya kienyeji, lakini mjini Nairobi alitakiwa kuinywa katika ukumbi wa manispaa kule Pumwani, na faida ikaingia katika mfuko wa manispaa. Mwanamke aliyepika pombe ileile chumbani kwake, hatua chache kutoka ukumbini, alikamatwa na kutozwa faini. Pombe ilikuwa moja. Kilichogeuka ni nani anayepokea senti.

Bangi haikupata mlezi wa namna hiyo. Ilikuwa imefika pwani zamani kwa njia za biashara ya Bahari ya Hindi na kuzama bara. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita huku katika miaka ya 1850, aliandika kuhusu wavutaji aliowakuta njiani. Marufuku ya bangi ilianza kutumika Januari 1914, kwa sheria ambayo hata jina lake lilihusu afyuni na jamii yake, si bangi. Ajabu ni kwamba Waingereza walikuwa wameshaichunguza. Mwaka 1893 na 1894 tume yao huko India iliwahoji mashahidi zaidi ya elfu moja, ikaandika mabuku saba, na kuhitimisha kwamba matumizi ya kiasi hayana madhara makubwa, kwamba kodi na leseni ni bora kuliko marufuku, na kwamba kuipiga marufuku kungeweza kuwasukuma watu kwenye vilevi vibaya zaidi. Miaka 20 baadaye dola hiyohiyo ikaleta marufuku Afrika Mashariki. Mwaka 1925 mkutano wa Geneva ukaiingiza bangi katika udhibiti wa kimataifa, na nchi zetu zilipopata uhuru zikarithi sheria hiyo kama zilivyorithi reli.

Kenya huru iliikaza zaidi. Sheria ya mwaka 1994 iliweka kifungo cha hadi miaka 10 kwa bangi ya kujivutia mwenyewe. Marekebisho ya mwaka 2022 yakakishusha hadi miaka mitano, au faini isiyozidi shilingi 100,000. Mwaka huohuo utafiti wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikadiria kwamba Wakenya zaidi ya laki tano wanaitumia, na zaidi ya milioni tatu wanakunywa pombe. Zidisha hizo laki tano kwa miaka mitano ya jela, uone kama kuna serikali inayoweza kuitekeleza sheria hiyo kwa haki. Haiwezi, kwa hiyo inachagua: anakamatwa kijana wa mtaa wa mabanda asiye na cha kumpa askari, na anayevutia nyuma ya geti anaachwa alale.

Pingamizi la kwanza ni zito. Sheria ya 2010 haikukomesha vifo. Mei 2014 watu zaidi ya 80 walikufa kwa pombe yenye sumu katika kaunti kadhaa, na Februari 2024 wengine wasiopungua 17 wakafa Kirinyaga. Lakini tuangalie sheria ile ilimtaka nini mama pima, yule anayechota kutoka kwenye jerikani na kupimia mteja kwa glasi. Ilimtaka awe na leseni, chupa ya glasi isiyopungua mililita 250, kizibo, lebo na maonyo. Mtaji wake wote usingetosha kununua kreti za chupa. Kwa hiyo chang'aa ilihalalishwa kwenye karatasi, na kwenye kijia cha mtoni ikabaki ilivyokuwa. Kinachoua watu kwa makumi, aghalabu, ni methanoli ya viwandani inayoongezwa ili kinywaji kiwe kikali kwa bei ndogo, na mchezo huo unahitaji giza. Kule Kirinyaga serikali yenyewe ilisema pombe iliyoua ilikuwa imenaswa na kuwekwa kituo cha polisi kama kielelezo, kisha ikarudi sokoni. Sijui ushahidi gani mwingine unahitajika kuonyesha kwamba msako si udhibiti.

Pingamizi la pili linahusu akili za vijana, na hapa watetezi wa bangi hukosea wanapoiita dawa isiyo na ubaya. Uvutaji wa mara kwa mara wa bangi kali tangu ujanani unahusishwa na magonjwa ya akili, na utafiti huohuo wa NACADA ulikuta karibu nusu ya watumiaji wana dalili za uraibu. Kwa upande wa pombe uliwakuta Wakenya zaidi ya milioni moja katika hali hiyo, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba pombe ilichangia vifo milioni 2.6 duniani mwaka 2019. Hakuna aliyependekeza kuwafunga walevi ili wapone. Aliye mgonjwa humhitaji daktari, na haendi kwa daktari ikiwa kukiri ugonjwa wake ni kukiri kosa. Muuzaji wa kichochoroni naye haulizi kitambulisho.

Wapo wasemao pombe peke yake inatutosha, ya nini kuongeza janga la pili? Wangekuwa sahihi kama bangi ingekuwa haipo. Ipo, na historia ya bia inaonyesha serikali ina mkono mrefu pale tu inapokubali kwamba kitu kipo. Mwaka 2004 bia ya Senator ilisamehewa ushuru ili iwavute wanywaji wa chang'aa, na iliwavuta. Mwaka 2013 sehemu ya msamaha ikaondolewa, mauzo yakaporomoka. Mwaka 2015 msamaha ukapandishwa tena. Bei, saa, umri, ukali, matangazo: hizo ni nyenzo ambazo serikali inazo kwa bia, na kwa bangi haina hata moja. Mimi ningeanza na matangazo, kwa kuyapiga marufuku kabisa, maana mabango ya bia tumeshayaona.

Mjadala wenyewe umetendewa vibaya. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, aliupeleka bungeni kwa uzito mwaka 2018, akafariki mwaka uliofuata. Mwaka 2022 mgombea urais George Wajackoyah akaugeuza tamasha, akiahidi kuuza bangi pamoja na korodani za fisi, akapata kura 61,969. Atakayeuokota tena atakutana na swali ambalo Pumwani ililijibu vibaya: nani ataruhusiwa kuuza? Zimbabwe ilipofungua mlango mwaka 2018 ilitoza leseni ya kilimo dola 50,000. Kwa bei hiyo mkulima mdogo wa Kuria hapa Kenya, ambaye shamba lake limefyekwa na polisi miaka nenda miaka rudi, atabaki mhalifu huku kampuni ikilima mmea uleule ng'ambo ya ua.