Jogoo Anayempiga Mwenye Nyumba

Ndugu wakulima, leo tunazungumza habari za jogoo anayempiga mtu. Hatusemi yule anayepigana na jogoo wa jirani, maana huyo ni kawaida yake. Tunasema yule anayemvizia mama akienda kumwaga pumba, akamrukia miguuni na vikwaru vyake, au anayemfukuza mtoto mpaka mlangoni. Wengine husema kaingiwa na shetani. Wengine humsifu kwamba ni dume kweli, wakamweka awe mbegu. Hebu turudi nyuma tuone alikotoka.

Asili ya kuku wetu ni kuku mwekundu wa msituni, ambaye bado yupo katika misitu ya Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki. Mifupa ya zamani sana ambayo wataalamu wengi wanakubali kuwa ni ya kuku wa kufugwa ilichimbuliwa Ban Non Wat, nchini Thailand, na umri wake ni kati ya mwaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo. Inaelekea ndege hawa waliufuata mpunga na nafaka nyingine mashambani, na watu wakawaacha wakae.

Huko msituni jogoo ana eneo lake na mitetea wake, na dume mwingine akiingia ni vita. Lakini mtu hamrukii. Akimwona tu, keshatoroka. Basi binadamu alipomleta nyumbani alimwondolea woga, ila ugomvi hakumwondolea. Hapo ndipo penye kiini cha habari yetu. Jogoo asiyemwogopa mtu kabisa anaweza kumhesabu mtu huyo kuwa ni dume mwenzake.

Je, tabia hii hurithiwa? Katika Chuo Kikuu cha Linköping, nchini Sweden, wataalamu waliwachukua kuku hao wa msituni wakazalisha kwa kuchagua wale wasioogopa watu, kizazi baada ya kizazi. Vizazi vichache tu vilitosha tofauti kuonekana. Kumbe jinsi kuku anavyomchukulia mtu imo katika mbegu yake, si katika malezi peke yake.

Sasa angalieni upande wa mapigano. Kupiganisha majogoo ni mchezo wa zamani sana huko Asia. Wayunani na Warumi waliujua, na Waingereza waliupenda mpaka sheria ya mwaka 1835 ilipoukataza. Hata kuchi wetu, yule mrefu wa miguu na shingo, uchunguzi wa nasaba umeonyesha kwamba ana undugu na kuku wa kupigana wa Japani. Mtu atasema, basi ukali umetoka huko. Si rahisi hivyo! Mwenye jogoo wa mapigano alitaka ndege wa kupambana na ndege, lakini alitaka pia ashikike, aoshwe, abebwe kwapani. Yule aliyemgeukia bwana wake, wafugaji wengi walimchinja. Watu hao, ambao mchezo wao sisi hatuusifu, walijua kwamba ushujaa kwa jogoo mwenzake ni jambo moja na ukali kwa mtu ni jambo jingine.

Huku kwetu tumechagua majogoo kwa vipimo vingine. Kenya, kwa mfano, ilianza mwaka 1976 mpango wa kuendeleza kuku, na katika mpango huo wakulima walibadilishiwa majogoo yao ya kienyeji wakapewa ya mbegu bora. Shabaha ilikuwa mwili mkubwa na mayai mengi. Ni shabaha nzuri, lakini kilo haziwezi kukueleza kama jogoo atamtoboa mtoto jicho.

Ukali huu mara nyingi huanza jogoo anapobalehe, yaani miezi mitano hivi na kuendelea. Kwanza hucheza pembeni yako akiteremsha bawa moja, au hukufuata nyuma kimyakimya. Hiyo ni hodi ya vita. Ukimpiga teke, kwake umeitikia, na kesho atarudi. Ukikimbia, ameshinda. Simama imara umtazame, mzuie kwa ungo au kapu, kisha uendelee na kazi yako taratibu. Akitulia, unaweza kumkamata na kumshika kwapani dakika chache bila kumtesa, ufanye hivyo siku kwa siku. Wako wanaoacha. Vikwaru vyake vikate ncha tu, maana ndani mna damu. Watoto wasimchokoze kwa vijiti, wala wadogo wasitumwe peke yao kuokota mayai. Mtu akijeruhiwa, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni, kisha aende zahanati kuuliza sindano ya pepopunda. Na kama ni jicho, asingoje hata kidogo.

Najua mtakaloniuliza: tukimwondoa mkali, nani atalinda vifaranga na mwewe? Kazi kubwa ya jogoo ni kutazama na kupiga kelele. Wataalamu wamegundua kwamba ana mlio mmoja kwa adui wa angani na mwingine kwa adui wa ardhini, na mitetea huelewa tofauti yake. Kazi hiyo jogoo mpole kwa watu huifanya vizuri tu.

Kwa hiyo mwenye majogoo vijana wawili watatu asiharakishe kuuza. Awatazame miezi kadhaa: nani anaita mitetea akipata mdudu, nani anapiga kelele kivuli kikipita, nani anampisha mama mwenye beseni. Huyo ndiye abaki, na kwa mitetea kumi hivi mmoja anatosha. Anayeendelea kumrukia mtu baada ya mwezi mzima wa kumzoesha, aingie chunguni kabla hajapanda mitetea wengi. Asiazimwe kwa jirani, na akipelekwa mnadani mnunuzi aambiwe wazi kwamba ni wa kitoweo, si wa mbegu.